Daftari la Stoo

Mimi si mwalimu. Nashika funguo.
Stoo iko nyuma ya ofisi, upande wa misindano,
na hapa Makete, mwezi wa sita,
kufuli lenyewe linauma vidole kwa sakitu.
Kila kitokacho nakiandika:
tarehe, kitu, idadi, sahihi ya mchukuaji.
Ukitaka kumjua mkuu wa shule
usimsikilize gwaridani. Soma anachoagiza.

Mkuu Mahenge alipofika aliagiza kufuli sita.
Moja la maktaba, vitabu visichafuke.
Moja la chumba cha walimu, watu wasilewe chai.
Wino mwekundu, chupa nne.
Fimbo za mianzi. Nikauliza, niandike ngapi?
Akasema, andika za kutosha.
Nikaandika: za kutosha.

Mvivu hakuwa. Saa kumi na moja alfajiri
tochi yake ilishazunguka mabweni yote.
Lakini Tweve wa hisabati,
aliyezoea kufundisha akicheka, chaki nyuma ya sikio,
akaanza kufundisha macho dirishani,
akitazama nani anapita.

Kisha viti vikaanza kurudi.
Kimoja, Machi. Viwili, Mei.
*Mwanafunzi kahama*, yasema safu ya maelezo,
mwandiko wangu, maneno yake.
Baada ya mtihani wa moko, kumi na moja kwa siku moja.
Wazazi waliitwa mmoja mmoja,
wakatoka na barua mkononi,
wakitembea kama waliotwishwa gunia la mtu mwingine.
Mmoja alikuwa baba yake Obadia Chaula,
yule kijana aliyenifufulia redio
kwa waya wa mwavuli.

Matokeo yakatoka: asilimia tisini na mbili.
Tulichinja mbuzi. Afisa akaja na gari jeupe
na cheti ndani ya fremu ya kioo.
Nikatumwa stoo kutafuta msumari.
Nikausaka kati ya viti thelathini na vinne
vilivyopandana migongo hadi darini,
na hapo hesabu, mimi niliyeishia la saba,
ikanijia bila kuitwa:
tisini na mbili ya wangapi?

Sikuuliza. Msumari niliupata.

Bi Luvanda alishuka basi la Njombe
siku ya Jumapili, na buti za mvua.
Wiki mbili hakuagiza kitu.
Alikaa nyuma ya madarasa, benchi la mwisho,
akimaliza anamfuata Tweve uani:
Mwalimu, nini kinakukwamisha?
Tweve, nasikia, alikaa kimya muda mrefu
kama mtu aliyesahau lugha hiyo.

Ingizo la kwanza la mama huyu si la kutoa, ni la kupokea:
kufuli, moja, la maktaba.
Halafu mkaa, magunia mawili,
kidato cha nne wasome jioni bila kutetemeka.
Vitabu vikachafuka kweli. Nimeviona:
udongo wa viazi kwenye pembe za kurasa,
sura ya pembetatu imelegea hadi inaning'inia.

Mwaka wake wa kwanza tulianguka. Sitini na moja.
Gari jeupe likaja, fremu halikuleta.
Ukuta wa stoo ni mwembamba:
"Mama, mwenzako alikuwa na tisini na mbili."
Naye, kwa sauti ya chini:
"Nami nina majina yote. Yeye aliyabakisha mangapi?"
Kikombe kikagonga kisahani. Sikusikia jibu.
Kama watamwacha, sijui. Barua za uhamisho hazipiti kwangu.

Alhamisi alinipakia kwenye pikipiki ya kukodi
hadi shambani kwa kina Chaula.
Obadia alikuwa anachimba viazi, mabega yamepanuka.
Bi Luvanda hakuhutubia. Aliokota viazi,
akajaza debe, akajaza la pili,
ndipo akauliza.
Kijana akafuta jembe kwa majani, akalifuta tena
lilipokwisha kuwa safi.

Jumatatu nimeandika: kiti, kimoja.
Penye sahihi hakutia mkato wa haraka;
ameandika jina lake lote, polepole,
herufi zikavuka mstari, zikaingia safu ya idadi.

Vimebaki thelathini na vitatu.